Silinda Ngapi Chini ya Shuka

Bweni la Pili, kitanda cha juu dirishani
14 Januari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Nimefika salama, sanduku limefika salama, na ile chupa ya sabuni ya maji imefika nusu. Nusu nyingine iko kwenye soksi zangu. Mwambie Mama asinicheke.

Nakuandikia upesi kwa sababu limetangazwa! Lile gari la spoti tulilolizungumzia likizo nzima. Mwalimu wa Fizikia alituletea gazeti akaniruhusu nikate picha, nami nimeibandika ndani ya mlango wa kabati langu. Gari lenyewe huwezi kuliona, Baba. Limefunikwa shuka jeupe, unaona mabega tu, na taa moja inawaka chini ya kitambaa kama mtu anayesoma kwa tochi ndani ya blanketi. Jina lake hawajalitaja, kwa hiyo sisi tumeliita Shuka. Siku ya kutoka hawajasema pia. Gazeti linadhani Machi, mwalimu anadhani Juni, na rafiki yangu Kifutio, yule wa dawati moja nami anayefuta kila anachoandika, anasema likitoka tutakuwa na meno ya bandia.

Kinachojulikana ni kwamba ni la haibridi, yaani injini ya petroli na mota za umeme vinasaidiana. Lakini injini ipi? Hapo darasa limegawanyika. Wengine wanasema silinda nane, kwa sababu gari la spoti likinguruma lazima ulisikie tumboni. Wengine wanasema sita zenye turbo ya kuzisukumia hewa, kwa sababu betri ni nzito na lazima kitu kipungue. Watengenezaji wametoa video ya sekunde kumi na mbili tu. Unaona mshale wa mizunguko na unasikia sauti, basi.

Sasa nisikilize vizuri. Mwezi wa Aprili kuna maonyesho ya shule zote, na Klabu yetu ya Sayansi imenichagua mimi kwenda kuzungumza kuhusu mashine ambayo bado haijaonekana. Nitazungumzia Shuka. Waamuzi wanatoka chuo cha ufundi, na wale watakaowaridhisha watapewa nafasi ya kusoma uinjinia huko wakimaliza shule. Baba, naitaka nafasi hiyo. Naitaka hata naogopa kuisema kwa sauti, ndiyo maana nakuandikia.

Wewe ukisikia gari likiingia getini unajua linaumwa nini kabla dereva hajashuka. Itafute hiyo video, uniambie ni ngapi. Utakachosema ndicho nitakachoandika.

Mwanao,
Injinia (bado)


Gereji, meza ya nyuma
27 Januari

Injinia wangu,

Marahaba. Mama amecheka kuhusu soksi. Nilijaribu kumzuia, nikacheka na mimi.

Nimeitazama video yako. Dada wa Stoo, anayetunza vipuri, ndiye mwenye simu nzuri hapa. Aliiweka juu ya kifuniko cha sanduku la vifaa, tukaizunguka wote kama ndugu wa mgonjwa wanaomsubiri daktari. Spana, mwenzangu yule mrefu, akadakia, "Sita hiyo!" Nikamwambia, "Wewe masikio yako yamejaa grisi. Nane." Akabisha, nikambishia, hata bosi akatoka ofisini kuuliza kama hakuna magari ya kutengeneza.

Nane, mwanangu. Unajua nane inavyolia? Ni kama maji mengi yanayoshuka ngazi. Kila ngazi inaguswa lakini husikii hatua hata moja. Sita ina makali kidogo, kama kitambaa kinachochanwa polepole. Ile haikuwa ya kuchana. Ilikuwa ya kumwagika.

Tangu siku hiyo nikila chakula cha mchana naegemea ukuta, nafumba macho, nalivua lile shuka taratibu kuanzia nyuma. Kila siku nakuta rangi tofauti. Jana lilikuwa la kijani kama chupa, na wewe ulikuwa ndani, umefunga mkanda, unaniambia, "Baba, ondoka mbele ya bampa." Nikaondoka kweli. Spana akaniuliza naelekea wapi.

Andika nane, kwa kalamu nene. Na ukinipigia simu Jumamosi usishangae nikikata mapema, laini ya huku si nzuri.

Baba yako,
fundi wa masikio


Bweni la Pili
18 Februari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mbele ya klabu nzima, na ile sehemu ya maji na ngazi niliombwa niirudie. Nikaandika NANE katikati ya ubao wangu wa maonyesho, kwa kalamu nene kama ulivyosema.

Halafu jambo likatokea, na sijui nilisemeje. Mwalimu alituambia tusitegemee masikio tu, tupime. Tukaiingiza ile sauti kwenye kompyuta, ikachorwa kama milima midogo inayofuatana. Kwenye video mshale umesimama kwenye mizunguko elfu tatu kwa dakika. Hiyo ni hamsini kwa sekunde. Kila silinda hulipua mara moja katika mizunguko miwili. Kwa hiyo silinda nane zingelipua mara mia mbili kwa sekunde, na sita mara mia na hamsini. Tukahesabu ile milima ya sekunde moja, mimi, mwalimu na Kifutio, kila mtu peke yake, kisha tukafunua karatasi zetu. Mia na hamsini. Mia na hamsini. Kifutio mia na arobaini na tisa, lakini alikiri kwamba alipiga chafya katikati.

Ni sita, Baba. Kifutio akasema, "Labda baba yako alikuwa anasikiliza gari lililokuwa linapita nje." Nikamwambia afute alichosema. Lakini tangu siku hiyo najiuliza. Ulisikia nini? Labda kuna kitu wewe ulikipata ambacho kompyuta haikipati, sauti ya mota za umeme pengine, ikiwa imejificha chini ya injini?

Na jambo lingine. Jumamosi nilikupigia kwa simu ya ofisi ya matroni. Nilikuuliza kama Mama amepona mafua au bado, ukajibu, "Ndiyo, ndiyo, soma kwa bidii." Nikakuuliza tena, ukasema, "Na wewe pia." Halafu ukakata. Je, umenikasirikia?

Mwanao


Gereji
25 Februari

Mwanangu,

Sijakasirika. Laini mbaya, nilishakuambia. Mama amepona.

Kuhusu injini, nilisema nane na bado nasema nane. Nimefungua injini kwa miaka ishirini na mbili. Mwambie mwalimu wako, kwa heshima zote, kwamba kompyuta yake haijafungua hata moja. Wanaouza gari wanaweza kuchezea mshale kwenye video wanavyotaka. Mtoto akianza kumsahihisha baba yake kwa mahesabu ya kwenye kioo, sijui tunaelekea wapi.

Kazi ni nyingi. Nimeandika kwa haraka.

Baba


Bweni la Pili
9 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Hukuniita Injinia. Niliigeuza barua nione kama umeliandika nyuma.

Nimefikiri siku kumi nzima, na nimeamua. Nitasema nane. Nilimwambia mwalimu leo asubuhi. Alisafisha miwani yake, akaniuliza, "Una kipimo gani cha kuonyesha nane?" Nikasema, "Nina baba yangu." Akasema, "Binti, mimi namheshimu baba yako bila kumjua, lakini waamuzi watakuuliza kipimo, na wewe utakuwa umekificha kabatini." Nikamjibu kwamba najua.

Najua pia kwamba naweza kuikosa nafasi ya chuo. Nimeiweka upande huu wa mizani, na upande ule nimeweka mimi nikisimama mbele ya ukumbi mzima na kusema kwamba fundi aliyenilea kwa masikio yake hasikii tena tofauti ya sita na nane. Upande huo umeshuka hadi chini. Vyuo viko vingi. Nitatafuta njia nyingine.

Niliota Shuka, Baba. Lilikuwa limeegeshwa katikati ya bwalo letu la chakula, na wasichana wote walikuwa wanakula kimyakimya ili wasiliamshe. Kitambaa kilikuwa kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, kwa pumzi. Nilinyosha mkono nilishike nilifunue, nikakuta mkono mwingine umeshatangulia upande wa pili. Ulikuwa wako, nilitambua kovu la kidole gumba. Tukangojana. Hakuna aliyevuta.

Usinikasirikie tena. Ni nane.

Mwanao


Gereji, ndani ya gari la mteja, milango imefungwa
15 Machi

Injinia wangu,

Barua yako ilifika jana. Nimeisoma mara nne, mara ya nne nikiwa nimekaa chini.

Futa nane. Futa leo, kabla hujala.

Mimi sikusikia kitu, mwanangu. Simu iliwekwa juu ya kifuniko, nikaona mshale ukipanda, nikaona midomo ya wenzangu, nikaweka kiganja juu ya kifuniko kama ninavyofanya siku hizi kwa kila injini. Kilitetemeka vizuri, tetemeko nene. Nikasema nane kwa sababu nane ndiyo niliyoitamani tangu nikiwa na umri wako. Kiganja changu kinajua injini inayotetemeka vibaya, lakini hakijui kuhesabu mia na hamsini kwa sekunde. Yale maji na ngazi ni kumbukumbu ya gari jingine la zamani sana. Niliyachota huko nikakupa wewe kama mapya.

Sikio la kulia lilianza kuzima mwaka juzi. La kushoto linafuata. Laini ya simu haina kasoro yoyote. Kasoro ni mimi. Nikisema "ndiyo, ndiyo" ujue sikuambulia neno. Mwezi wa Novemba nililiruhusu gari la mwalimu mmoja mstaafu litoke hapa na beringi inayogonga, mlio ambao hata Dada wa Stoo aliusikia akiwa ndani. Injini ikafia njiani. Spana alimwambia bosi kwamba yeye ndiye aliyelikagua. Sikumkanusha. Siku hiyo nililala bila kula, Mama akadhani ni tumbo.

Kwenye barua nilikuwa salama. Barua zako nazisikia zote. Ndiyo maana nilijigamba humu kuliko mahali pengine popote, na majigambo yangu yakaenda moja kwa moja kwenye ubao wako. Halafu ulipouliza vizuri, kwa adabu, nilikufokea. Nisamehe kwa hilo kwanza, mengine baadaye.

Nilitaka unione fundi. Sikufikiri kwamba ungenilipia kwa chuo chako. Nafasi hiyo ni yako, na hakuna fundi aliye hai, mzima au kiziwi, anayestahili kuchukua nafasi ya kipimo. Simama pale useme sita, uonyeshe ile milima yako yote.

Mama bado hajui. Nitamwambia Jumapili. Wewe umekuwa wa kwanza.

Baba yako


Bweni la Pili
24 Machi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo mara mbili, ya pili ni ya sikio la kulia.

Nililia, nisikufiche. Nililia bafuni nikiwa nimefungulia maji, na Kifutio akapiga mlango akisema, "Acha mengine yabaki tuoge!" Nikacheka humohumo. Nililia zaidi kwa sababu ya simu. Nilidhani hutaki kuzungumza nami, kumbe ulikuwa umeshika simu sikioni unangoja nimalize.

Nimefuta nane. Kalamu nene haifutiki vizuri, Baba, umbo lake linaonekana bado kama kivuli, na sita imekaa juu yake. Mwalimu aliniambia nibadilishe ubao. Nimekataa.

Nimemuuliza mwalimu, bila kusema ni nani, kuhusu mtu asiyesikia. Anasema sauti hupita pia kwenye mifupa. Ukiuma mpini wa bisibisi na ncha yake ukaigusisha kwenye injini, mtetemo unapanda kwenye meno hadi ndani ya kichwa. Jaribu! Lakini safisha mpini kwanza. Na uende kwa daktari wa masikio, nakuomba. Nenda na Mama, maana wewe peke yako utamjibu daktari "ndiyo, ndiyo."

Maonyesho ni tarehe 12 Aprili. Njoo. Nimekuandikia hotuba yangu yote, neno kwa neno, karatasi tano zimo ndani ya bahasha hii. Ukae nazo ukumbini ufuatilie. Nikifika mwisho wa kila ukurasa nitagusa kona ya ubao, na wewe ufunue unaofuata.

Mwanao,
Injinia


Gereji, meza ya nyuma
18 Aprili

Injinia wangu,

Marahaba. Shikamoo zote mbili zimefika.

Pole kwamba hatukuzungumza. Gari la bosi lililonileta lilikuwa linaondoka saa ileile, na umati ule ulikutenga nami kama mto. Nilikupungia ile bahasha, sijui kama uliiona.

Kwanza habari za huku. Bisibisi nimeuma. Nimeonja oili ya kila aina, sijasikia jipya, na Spana amenipiga picha. Daktari anasema sikio la kulia limeharibiwa na mashine za kusaga chuma, mishipa yenyewe imechoka, halitarudi. La kushoto linaweza kusaidiwa na kifaa kidogo. Nitakipata mwezi ujao. Mama alikasirika, si kwa sababu ya masikio, bali kwa sababu nilimwacha miaka miwili akidhani simjali anapozungumza nikiwa nimempa mgongo. Hilo linanichoma hadi leo.

Bosi nimemwambia, pamoja na lile gari la Novemba. Alipiga meza. Nilihisi. Baadaye akaandika kwenye karatasi kwamba siku nyingine nikificha kitu kama hicho nitafute gereji nyingine. Sikagui tena injini peke yangu. Spana anasikiliza, mimi nafungua, na kwa mifumo ya umeme nimeanza kusoma upya, kwa macho, kwa mita, kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Jina la fundi wa masikio nimelivua. Pahala pake pana baridi kidogo, lakini nitazoea.

Sasa siku yako. Nilikaa safu ya pili na karatasi zako mapajani. Uliposimama, nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Uligusa kona, nikafunua. Ukagusa tena, nikafunua. Sijawahi kusikiliza kitu kwa makini kama nilivyokusikiliza siku ile bila kusikia. Ulipoonyesha milima yako, nikaona mwamuzi wa katikati, yule mama mwenye kilemba cha bluu, akivuta kiti mbele.

Lakini baada ya karatasi ya tano aliinua mkono akasema jambo, na wewe ukajibu jambo ambalo halimo humu. Ukumbi wote ukacheka. Watu wa pande zangu zote wakacheka, mmoja akanipiga bega. Zamani ningecheka nao. Safari hii nilikaa tu nikakutazama, maana sitaki tena kucheka nisichokijua. Nimekaa na hilo siku sita.

Alikuuliza nini? Ulimjibu nini? Na nafasi je, wamesemaje?

Baba yako


Bweni la Pili, dirishani
30 Aprili

Baba mpenzi,

Shikamoo. Bahasha niliiona. Ilikuwa juu ya vichwa vyote, nikaifuata kwa macho hadi mlangoni.

Nimechelewa kukujibu makusudi, nilikuwa nasubiri barua ya chuo ili nikuletee kila kitu kwa pamoja. Imefika leo wakati wa somo la mwisho. Mwalimu aliiweka juu ya daftari langu, akaendelea kuandika ubaoni kana kwamba hajaleta kitu, lakini chaki ilimvunjika mara mbili. Nimepata nafasi, Baba. Nitaanza nikimaliza shule. Kifutio alinikumbatia, akanifutia machozi kwa ule mkono wake wenye wino, na sasa nina ndevu.

Watengenezaji wamesogeza tena siku ya kutoka. Sasa wanasema ni mwishoni mwa mwaka, na wengine wanasema kuna mota tatu, si mbili. Nikisoma habari kama hizi bado nasikia kichwani mwangu maji yakishuka ngazi. Mahesabu yangu yanasema sita, na ndoto zangu hazijapata habari hizo.

Umeuliza ukumbi ulicheka nini. Yule mama wa kilemba cha bluu aliona kivuli cha nane chini ya sita yangu. Akauliza nani aliandika nane. Nikamwambia ni mimi, kwa neno la baba yangu, fundi wa magari, ambaye baadaye aliniandikia mwenyewe kwamba nifute. Akatazama ubao, akanitazama, akauliza, "Na hilo gari likifunuliwa siku moja, tukakuta nane kweli, utafanya nini na vipimo vyako vyote hivi?"

Nikamjibu, "Nitaandika barua nyumbani siku hiyohiyo, nimwambie Baba alisikia vizuri kuliko sisi sote."

Mwanao,
Injinia